Ndege Aliyeitwa Mwingine

Katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, imehifadhiwa ngozi ya ndege iliyojazwa pamba. Ndege huyo ana utosi mweusi unaong'aa, mgongo wa kijani, kifua na tumbo la njano, na mdomo mnene uliopinda nchani kama kulabu. Alipatikana mwaka 1926 mahali palipoandikwa Bagilo, katika Milima ya Uluguru. Mwaka uliofuata, Mmarekani Herbert Friedmann aliwatangazia wataalamu wenzake kwamba ndege wa namna hiyo hajawahi kuandikwa popote, akampa jina la Kilatini: Malaconotus alius. Neno la pili maana yake ni "mwingine".

Kwa Friedmann jina lilitosha. Ndege wa kundi la Malaconotus, walio jamaa wa mbwigu na tiva, walikwisha kujulikana kadhaa katika Afrika, na huyu alikuwa mwingine wa kuongezwa kwenye orodha. Karibu miaka mia imepita tangu aandikwe, na hadi leo hakuna mtu aliyempata nje ya Uluguru. Watu wamesafiri kutoka mabara mengine, wakapanda milima ile siku kadhaa mvuani, wakashuka bila kumwona hata unyoya. Waliobahatika wengi wao walimsikia kwanza. Safari ya kumtambua ndege huyu, kutoka kwenye mtutu wa bunduki hadi kwenye sikio la mtu aliyetulia chini ya mti, ndiyo hadithi ya namna elimu ya ndege ilivyopatikana Morogoro, na ya watu walioipata bila majina yao kufika mbali.

Anayeshuka kwenye basi pale Msamvu huuona mlima kabla hajauona mji vizuri. Lupanga, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,100, umesimama nyuma ya nyumba kama ukuta, na pembeni yake Bondwa na minara yake ya mawasiliano. Watu wa Morogoro huuita mji wao "mji kasoro bahari". Lakini bahari huja yenyewe kwa njia ya mawingu. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa umejaa unyevu hauna mlima mkubwa wa kuuzuia mpaka ufike hapa. Ukigonga Uluguru, hupanda, hupoa, na kumwaga maji. Miteremko ya mashariki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, ilhali magharibi, upande wa Mgeta, kuna ukavu zaidi. Maji hayo ndiyo yanayoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam.

Unyevu huo haukuanza jana. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Rubeho hadi Udzungwa. Katika nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikarudi nyuma, vilele hivi viliendelea kulowa. Kila mlima ukabaki kisiwa cha msitu katikati ya nyika, na ndege waliobaki kisiwani, wasiopenda kuvuka jua kali la bondeni, wakaanza kuachana na jamaa zao wa mlima wa pili: wimbo ukabadilika, rangi ikabadilika, mwisho wakawa watu wa kwao. Kutoka kilele cha Lupanga siku ya anga safi mtu anaweza kuiona milima mingine kwa mbali. Kwa ndege mdogo wa vichaka vya chini msituni, umbali huo ni sawa na bahari.

Mtaalamu wa kwanza wa elimu ya viumbe kuandika kwa kina juu ya milima hii alikuwa Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyepanda Uluguru mwaka 1894. Baadaye Stuhlmann akawa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti ya Amani, katika Usambara Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1902. Amani itarudi tena katika simulizi hii. Kwa wakati ule, utaratibu wa kumjua ndege ulikuwa mmoja tu: auawe, achunwe, apelekwe Berlin, na huko mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo wake aamue ni nani.

Reli ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907. Mwaka 1916, mwezi Agosti, majeshi ya Waingereza na Makaburu yaliuteka mji huo. Miongoni mwa waliopigana upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki alikuwa kijana mmoja kutoka Wales, Arthur Loveridge, aliyezaliwa mwaka 1891. Mwaka 1914 alikuwa ameajiriwa kutunza makumbusho ya Nairobi, na hata vita havikumwachisha kukusanya viumbe. Moyo wake ulikuwa kwa nyoka, mijusi na vyura. Ndege walikuja kama nyongeza, na ajabu ni kwamba nyongeza hiyo ndiyo iliyoliweka jina lake kwenye midomo ya wapenda ndege.

Vita vilipokwisha, Loveridge aliajiriwa katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika, akakaa Kilosa. Mwaka 1922 Ernst Hartert, aliyesimamia mkusanyiko mkubwa wa ndege wa Rothschild kule Tring, Uingereza, alimtangaza chozi mpya kutoka Uluguru na kumpa jina la Loveridge: Cinnyris loveridgei. Dume ana kichwa na koo la kijani kinachometameta, na kifua chenye wekundu wa machungwa yaliyoiva. Huyu naye ni wa Uluguru tu, ila hana maringo ya yule mwenzake mweusi wa utosi. Hupatikana kwa urahisi panapo maua ya mlimani, kaskazini na kusini, na mgeni mwenye subira ya asubuhi moja huweza kumwona.

Loveridge alihamia Harvard mwaka 1924, na haukupita muda akarudi Tanganyika kukusanya kwa ajili ya makumbusho yake mapya. Safari hiyo ndiyo iliyompandisha Uluguru mwaka 1926, mwaka wa ngozi ile ya Bagilo.

Inafaa kueleza kazi ilivyofanyika, maana anayemtazama leo ndege kwa darubini hawezi kuikisia. Bunduki ilitiwa marisau, risasi ndogo kama punje za mtama, ili ngozi isiraruke. Ndege akianguka, kazi ya kwanza ilikuwa kumtafuta katika majani, na mara nyingi aliyempata hakuwa mpigaji. Kisha alichunwa siku hiyohiyo, kabla ya joto kumharibu: kisu kidogo kifuani, ngozi ikavuliwa kama soksi, ubongo na macho vikatolewa, ndani ikapakwa sumu ya arseniki ili wadudu wasile, pamba ikatiwa, uzi ukafunga. Mikono iliyofanya kazi hiyo kwa ustadi katika kambi za Afrika Mashariki ilikuwa mara nyingi mikono ya Waafrika. Wapagazi walibeba masanduku, wenyeji walionyesha njia, watoto na wazee walileta vinyonga na vyura kambini wakalipwa senti. Kikaratasi cha mguuni kilikuwa na nafasi ya mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Jina hilo lilikuwa moja.

Kwa nini mtu aliye Marekani aliweza kuona kwamba ndege huyu ni mpya, na mtu aliye chini ya mti asiseme? Kwa sababu swali lililoulizwa lilikuwa la makabati. Friedmann alihitaji kupima bawa, mkia na mdomo, halafu kuweka ngozi kando ya ngozi nyingine kutoka Kongo, Kameruni na Afrika Magharibi. Baadaye alikuja kusifika kwa utafiti wake juu ya mlembe, ndege aongozaye watu hadi kwenye mzinga wa asali, elimu ambayo warina asali wa Afrika walikuwa nayo tangu enzi na enzi. Mwaka 1955 alichapisha kitabu kizima juu ya jamii hiyo. Ni mtu yuleyule aliyempa ndege wa Uluguru jina la "mwingine", na hapana shaka alijua kwamba wa kwanza kuwajua ndege ni wale wanaoishi nao.

Aliyeusogeza mbele utambuzi wa ndege hawa zaidi ya ngozi na pamba alikuwa karani wa hesabu. Reginald Moreau alikuwa mkaguzi wa mahesabu ya jeshi huko Aldershot, Uingereza, mpaka baridi yabisi ilipomshika viungo, madaktari wakamshauri atafute nchi yenye joto. Akahamishiwa Misri. Huko, jangwani, akajifunza ndege, kisha akamwoa Winifred, mwanamke aliyependa ndege kama yeye, ambaye jina lake la ukoo kabla ya ndoa lilikuwa Bird, yaani Ndege. Mwaka 1928 wote wawili walifika Amani, kwenye taasisi ileile ya Stuhlmann ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Moreau aliajiriwa kushika vitabu vya hesabu. Ndege aliwashughulikia kwa muda wake mwenyewe.

Moreau alikuwa mgonjwa wa viungo katika nchi ya miteremko mikali. Hakuweza kupanda kila mlima aliotaka kuujua, kwa hiyo alilazimika kufanya jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya kwa kiasi hicho: kuwaamini Waafrika si kwa kubeba na kuchuna tu, bali kwa kutazama. Aliwafundisha wafanyakazi wa Amani kukaa karibu na kiota tangu alfajiri, saa mkononi, na kuandika kila safari ya mzazi: amekuja dakika gani, ameleta nini, amekaa muda gani. Kazi yao juu ya hondohondo wa mashavu ya fedha ni ya kustaajabisha. Jike wa hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba, na dume humlisha kwa ufa huo miezi mizima kwa matunda anayoyabeba kooni. Kila tunda lililoandikwa katika taarifa ya Moreau na mkewe ya mwaka 1941 lilihesabiwa na mtu aliyekaa chini ya mti huo, shingo imeinuka, siku baada ya siku.

Mmoja wao anajulikana kwa jina: Salimu Asmani, mkusanyaji mkuu wa Moreau. Ni haki kulitaja, maana majina ya wengine yamezama. Ndege wanaobeba jina la Moreau ni zaidi ya mmoja. Wanaobeba majina ya waliomtazamia ni vigumu kuwapata.

Mwaka 1938 Moreau alitangaza ndege mwingine wa Uluguru. Huyu hakai juu ya miti. Ni ndege mdogo wa kichwa, koo na kifua cha rangi ya kutu, anayepita chinichini katika vichaka vya msitu wa ukungu, na dume na jike huimba kwa kupokezana kiasi kwamba msikilizaji hudhani ni mmoja. Moreau alimpa jina la mkewe: winifredae. Mahali alipotoka ni Kinole, katika miteremko ya mashariki.

Kinole si jina dogo kwa Mluguru. Ndipo palipokuwa makao ya Kingalu, mtawala ambaye cheo chake kimerithiwa kizazi hadi kizazi na ambaye watu walimwendea kwa ajili ya mvua. Leo watu wa Dar es Salaam huzijua ndizi, machungwa na viungo vya Kinole kabla ya kujua chochote juu ya ndege wake. Kwamba ndege wa msitu wa mvua aliandikwa kutoka mahali pa mtawala wa mvua ni sadfa, lakini ni sadfa yenye mantiki: pale ambapo mawingu hugonga kwanza, ndipo kila kitu kinachohitaji maji hukusanyika, ndege kwa watu.

Na watu waliongezeka. Hapa historia ya ndege inaingia katika historia ya jembe. Misitu ya juu iliwekewa mipaka tangu utawala wa Wajerumani, na Waingereza wakaiendeleza. Chini ya mipaka hiyo, mashamba yalipanda mlima mwaka hadi mwaka. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni, ikihofia mmomonyoko wa udongo, ililazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, ya lazima, na wakulima waliona udongo mbichi wa chini ukiletwa juu na mazao yakipungua. Mwaka 1955 hasira ililipuka. Huko Matombo umati ulikusanyika, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa.

Tukio hilo liliacha kumbukumbu ambayo kila mhifadhi aliyekuja baadaye alipaswa kuijua: mlimani Uluguru, amri inayoshuka kutoka ofisini bila kuuliza hukutana na watu wasiosahau. Katika miongo iliyofuata msitu uliopungua zaidi ulikuwa ule wa chini, nje ya mipaka ya hifadhi, na kwenye Pengo la Bunduki, shingo ya ardhi inayotenganisha Uluguru Kaskazini na Uluguru Kusini. Pale Bunduki miti ya pande mbili iliacha kugusana. Kwa ndege asiyevuka eneo la wazi, mlima mmoja ukawa miwili.

Wakati huohuo, namna ya kuwatambua ndege ilikuwa inabadilika duniani kote. Bunduki iliwekwa chini, darubini ikapanda. Kwa Afrika Mashariki, vitabu vizito vya Mackworth-Praed na Grant vilivyotoka miaka ya 1950 viliorodhesha kila ndege, na mwaka 1963 John Williams, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, alitoa kitabu kidogo kinachoingia mfukoni. Mtalii akaweza kukaa garini, kitabu kwenye paja, na kuuliza: huyu ni yupi?

Swali hilo linajibika vizuri mbugani. Mikumi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964, iko mkoa huohuo wa Morogoro, na pale ndege wanajionyesha. Mumbi hutembea majanini kwa mwendo wa mzee mwenye fimbo, tumbusi wamekaa juu ya mti mkavu, kwezi wa bluu hushuka kwenye meza za wageni. Mtu hulinganisha rangi, urefu wa mkia na umbo la mdomo, kisha hutia alama kwenye orodha yake. Kwa siku moja anaweza kufikisha ndege mia.

Mchukue mtu huyohuyo umpandishe Tegetero, upande wa kaskazini-mashariki wa Uluguru, ambako wengi huanzia kumtafuta ndege wa Friedmann. Hakuna gari. Njia ni ya utelezi. Miti ina urefu wa mita 30 na zaidi, imefungamana juu, na ndege wa kijani mwenye tumbo la njano akiwa kwenye majani ya kijani yaliyopigwa na jua la njano hana tofauti na jani. Saa nne asubuhi ukungu unashuka. Kitabu cha mfukoni hakina la kusema, maana picha iliyomo ni ya ndege anayeonekana.

Ndiyo maana miaka mingi ilipita huku habari za ndege huyu zikiwa chache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mwingereza Simon Stuart na Mdenmark Flemming Pagh Jensen walifanya uchunguzi wa ndege wa milima hii, na taarifa yao ya mwaka 1985 ikawa msingi wa kila kilichofuata. Katika uchunguzi wa aina hiyo nyavu nyembamba zisizoonekana hutandazwa kati ya miti. Ndege hunaswa, hupimwa, na kuachwa aende. Njia hiyo inafaa kwa ndege wa chini kama yule wa Winifred. Lakini wavu hufika mita tatu tu kutoka ardhini, na aitwaye Mwingine anaishi ghorofani.

Yaliyobaki yalikuwa masikio.

Mwaka 1999 Shirika la Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1988, likishirikiana na shirika la kuhifadhi ndege la Uingereza, lilianza mradi mkubwa wa kuhifadhi Uluguru. Sehemu moja ya kazi ilikuwa kujibu swali lililokaa miaka 70: wamebaki wangapi? Watafiti walipita njia zilizopangwa msituni, wakasimama, wakasikiliza, wakaandika kila sauti na mwinuko wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalikadiria jozi 1,200, karibu zote katika msitu wa kaskazini ambao ukubwa wake haufiki kilomita za mraba 100. Idadi hiyo ilileta faraja na hofu kwa pamoja. Faraja, kwa kuwa ndege hakuwa ametoweka kama wengine walivyohofia. Hofu, kwa kuwa ulimwengu wake mzima mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu kwa siku chache. Katika orodha ya kimataifa amewekwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Kusikiliza si kazi rahisi, na ni hapa wenyeji wa mlima waliposogea kutoka kwenye mizigo hadi mbele ya msafara. Mtu aliyekua akisikia msitu tangu utotoni hutenganisha sauti kumi zinazolia kwa pamoja kama mama anavyoijua sauti ya mwanawe katikati ya uwanja wa shule. Anajua shorobo anapokoroma bondeni, anajua mbawa za hondohondo zinazovuma kama upepo wa mashine, na kwa hiyo anajua sauti ambayo si ya hao. Mgeni mwenye darubini ya bei kubwa husimama pale anapoambiwa asimame.

Mabadiliko hayo hayakutokea Uluguru peke yake. Mwaka 1991, katika Milima ya Udzungwa, watafiti waliokuwa kambini waliona miguu ya ajabu ya ndege ndani ya chungu cha chakula. Walipofuatilia, wakampata kwale wa msituni asiyejulikana na sayansi, mwenye undugu na ndege wa Asia. Alitangazwa mwaka 1994. Aliyejulikana na wapishi alikuwa mgeni kwa maprofesa. Kisha likaja jina linalostahili kusomwa kwa sauti: Jacob Kiure, Mtanzania, aliyefanya kazi ya msituni na Jon Fjeldså wa Copenhagen. Mwaka 2003 wawili hao walitangaza kwale wa jamii hiyo kutoka Milima ya Rubeho. Mwaka 2004 Kiure alikuwa miongoni mwa waliotangaza ndege mwimbaji wa kifua cha machungwa, Sheppardia aurantiithorax, kutoka milima hiyohiyo. Mwaka 2009 yeye na wenzake wakapendekeza kwamba jamaa wa ndege wa Winifred wanaoishi Rubeho na Ukaguru ni spishi yao wenyewe. Katika kila andiko hilo jina la Kiure limechapishwa kama mtangazaji, mahali ambapo Salimu Asmani hakuwahi kuwekwa.

Pendekezo la 2009 lina uzito kwa Morogoro. Ikiwa wa Rubeho ni tofauti, basi ndege mdogo wa Kinole anarudi kuwa na milima michache zaidi ya kumtegemea, na msitu ule unabeba mzigo mkubwa kuliko ulivyodhaniwa.

Mwaka 2008 misitu ya serikali ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000. Mjini Morogoro ipo pia ofisi ya Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, na chini kabisa ya mlima upo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wanafunzi wake huweza kutoka darasani na kuwa msituni siku hiyohiyo. Pale Bunduki kazi ya kurudisha miti kwenye lile pengo ni ya polepole. Inahitaji mashamba ya watu, na watu wa Uluguru wana haki ya kuulizwa.

Anayetaka kuanza kwa wepesi hupanda Morningside, nyumba ya enzi ya Wajerumani iliyo juu ya mji, mwendo wa saa chache kwa miguu kupitia mashamba ya mboga na maua. Huko, ukingoni mwa msitu, chozi wa Loveridge huruka kutoka ua hadi ua. Shore wa Uluguru, ndege wa kijani mwenye kichwa cha kijivu ambaye naye hapatikani mlima mwingine, hupiga kelele zake vichakani. Mgeni atashawishika kutoa simu na kucheza sauti iliyorekodiwa ili ndege ajitokeze. Waongozaji wenye busara humzuia, au humruhusu mara moja tu. Jozi inayosikia adui wa bandia mpakani mwake kila asubuhi huacha kulisha makinda ili kupigana na simu.

Kwa Mwingine, inabidi kulala mlimani. Watu huamka saa kumi na moja alfajiri, wakapanda wakiwa kimya, wakafika kwenye miti mikubwa kabla ya mwanga kuingia. Husimama. Mara nyingi huondoka bila kitu. Siku nyingine, juu kabisa, mahali ambapo shingo haiwezi kufuata, sauti moja hulia mara mbili au tatu, na mwongozaji huinua kidole. Darubini zote hupanda. Majani yanatikisika, kisha yanatulia, na ukungu unafunga. Katika daftari, mbele ya jina la Malaconotus alius, huandikwa saa, mwinuko, jina la aliyemgundua, na neno moja: amesikika.